Yah: Nina miaka 39, je, niingie kwenye rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini)?

Kutoka Muscat

Ndugu zangu madaktari, salaam. Jana nimearifiwa kuwa uhakiki wa shahada yangu kwa ajili ya ECFMG, taasisi ya Marekani inayohakiki madaktari waliosoma nje, umerudishwa mara ya pili, kwa sababu afisa aliyetia saini fomu pale chuoni nilikosoma hayumo katika orodha ya wanaotambuliwa. Ofisi ya msajili inasema kuwa aliyemo katika orodha alikwisha kustaafu. Nilifanya kazi miaka saba katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na huu ni mwaka wa tano hapa Oman, ambako natibu mafua na shinikizo la damu katika kliniki binafsi, na kisu sijakigusa tangu nifike. Nataka kuwa bingwa wa upasuaji. Je, niendelee na safari ya Marekani, au nirudi nyumbani kusoma MMed, yaani shahada ya uzamili ya ubingwa? Na suala la saini nilitatue vipi?

Kutoka Minneapolis

Kaka, pole sana. Mimi nilianza rezidensi ya magonjwa ya ndani nikiwa na miaka 43, wala sijutii, lakini uandae moyo. Nyumbani nilikuwa nikimpasua mama mjamzito usiku wa manane kwa taa ya kuchaji, nikiamua peke yangu. Hapa usiku wa kwanza nilisimama mbele ya kompyuta dakika ishirini nikitafuta mahali pa kuagizia potasiamu ya mgonjwa, mpaka muuguzi aliye rika la binti yangu akaja kunionyesha. Kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki, na zipo wiki zinazofika huko. Ukija kwa viza ya mafunzo ya J-1 utahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nyumbani, na ukimaliza ni lazima urudi ukatumikie hospitali ya serikali miaka miwili.

Kutoka Houston

Dada, naomba tusimpotoshe mwenzetu. Sharti si kutumikia hospitali ya serikali, bali ni kuishi nchini kwako kwa jumla ya miaka miwili kabla ya kuruhusiwa ukaazi wa kudumu huku. Na anayepata nafasi ya mpango wa msamaha uitwao Conrad 30, ambazo ni 30 kwa kila jimbo kwa mwaka, husamehewa sharti hilo kwa kufanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye upungufu wa madaktari. Zaidi ya hayo, umemweleza magonjwa ya ndani, ambayo ni miaka mitatu, ilhali yeye ameuliza upasuaji, ambao ni mitano na ambao waliosoma nje huupata kwa taabu kubwa. Wengi wetu huangukia nafasi za mwaka mmoja zisizo na mwendelezo. Nilikaa humo miaka miwili, kisha nikahamia fani nyingine, na bado inaniuma.

Kutoka Moshi

Mdogo wangu wa Muscat, mimi nilikaa Leicester, Uingereza, miaka sita nje ya mfumo wa mafunzo, nikizibia wenzangu zamu, kisha nikarudi. Mbona hakuna aliyetaja COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini? Baada ya miaka miwili unafanya mtihani wa MCS, hatua ya kwanza, kisha mitatu mingine ya FCS, ambayo ndiyo ubingwa wenyewe, muda wote ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Kwenye MMed, asiye na mwajiri wa kumdhamini hujilipia ada. Sikufichi kwamba ajira ni tatizo: mwaka 2017, serikali ilipokubali kupeleka madaktari 500 Kenya, tulikuwa na madaktari mtaani na wodi zisizo na madaktari kwa wakati mmoja, jambo linalonikera mpaka leo. Lakini wiki iliyopita nilimtoa wengu kijana wa bodaboda, na asubuhi mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda na chupa ya uji, akanikamata mkono asiuachie. Hilo sikulipata Leicester.

Kutoka Muscat

Ahsanteni nyote. Habari ya COSECSA nimeisoma mara tatu, na mke wangu naye ameisoma. Hata hivyo, maombi ya Marekani yanapokelewa Septemba na sitaki mlango ufungwe kabla sijaamua, kwa hiyo naomba nirudie: yupo ambaye saini ya chuo chake ilikataliwa, na alimwandikia nani?