Kanisa kubwa la Dar mara ya kwanza: ibada ya kwanza, ya pili, katikati ya wiki au mkesha?

Dada_wa_Dunda:
Habari zenu wadau. Mimi ni Mkatoliki wa hapahapa Bagamoyo, nimezoea misa yetu pale misheni, unaingia unajua nani anakaa wapi, ikiisha mnasalimiana nje hadi jua liwafukuze. Sasa binamu yangu yuko kwenye yale makanisa makubwa ya Dar, ya maelfu ya watu, skrini, bendi, vijana wa kuongoza magari, na kila akija anasema twende ukaone. Sihami jamani naenda kuona tu, tuelewane kabla hamjaanza. Kuna ibada ya asubuhi sana, kuna ya pili kwenye saa nne, kuna ya Jumatano jioni, na yeye anashabikia mkesha wa Ijumaa. Kwa mtu anayetoka huku kwa daladala na watoto wawili, mnanishauri ipi?

Mama Nianjema:
Ya pili mdogo wangu. Ya kwanza itabidi muamke usiku, watoto walale humo ndani wakati wa mahubiri ukose hata hiyo raha uliyoifuata. Ya pili bendi imeshachangamka, kwaya zote zipo, wageni wanakaribishwa vizuri. Kasoro yake inatoka mchana sana na mhubiri akinogewa hakuna wa kumshika shati, kwa hiyo beba maandazi na maji ya watoto, usitegemee vya kule, bei za nje ya geti acha tu.

Konda Mstaafu:
Mama nakuheshimu lakini hapo kwenye ya pili sikubali. Mtu akipanda gari la Makumbusho alfajiri ya Jumapili barabara nyeupe, Bunju, Tegeta, Mbezi unapita kama huzioni, hizo kilomita 70 unazimaliza mapema. Shida ya ya pili ni pale watu wa kwanza wanatoka na wa pili wanaingia, geti lilelile, magari yaleyale, bodaboda, wauza maji, watoto unawashika mkono na bado wanakuponyoka. Ukichagua ya kwanza angalau unaingia kwa nafasi, kutoka ndo utasukumana kidogo. Na Jumatano usijaribu, kwenda utafika vizuri ila kurudi usiku magari ya Bagamoyo yanapungua na foleni ya kutoka mjini bado ipo, utasimama stendi na watoto wamelala begani.

Kaka Kaole:
Mimi nasali kwenye moja ya hayo makanisa wakati wa kazi nalala Dar, kwa hiyo naongea kutoka ndani. Kama ni kuelewa wanafundisha nini, Jumatano inazipita zote. Jumapili ni shughuli, yaani sifa na kuabudu inaweza kula saa nzima, matangazo, sadaka, neno, maombezi, na wewe uko nyuma unamwangalia mchungaji kwenye skrini. Katikati ya wiki watu wachache, mnakaa mbele, mnafungua Biblia taratibu, hata maswali yanawezekana. Ila kwa usafiri wa Bagamoyo Konda yuko sahihi, labda ulale kwa binamu. Mkesha toa kabisa kama una watoto, spika zile mpaka alfajiri hapana.

Vitu viwili uvijue. Watasema wageni wasimame, kuna fomu ya jina na simu, ukiandika namba utapigiwa wiki nzima na watu wa ufuatiliaji, wana nia njema ila wanapiga kweli, sehemu ya simu iache wazi kama hutaki. Na sadaka inapita zaidi ya mara moja, ya kawaida, ya shukrani, ya ujenzi, lipa namba iko pale kwenye skrini. Hamna anayekukagua, ukitoa mara moja umetoa.

Mwalimu wa Zamani:
Mnabishana saa, mimi namuuliza atakaa wapi. Wamarekani wanaliita kanisa kubwa la namna hiyo kuanzia watu 2,000 kwa wiki, na lile la Lakewood kule Houston tangu 2005 linafanyia ibada kwenye uliokuwa uwanja wa mpira wa kikapu, viti kama 16,000. Kwa hiyo dada fikiria kiwanja, usifikirie kanisa la misheni. Kaa pembeni, karibu na mlango, na mkubaliane na binamu mapema mtakutana wapi mkipotezana kwa sababu watu wote hao wakishika simu mtandao unaweza kugoma. Binamu atataka kukupeleka mbele katikati akuonyeshe, mkatalie kwa upole.

Halafu uliza kama siku hiyo kuna mafuta au maji ya upako ya kugawa au kukanyaga. Kama yapo, watoto wabaki nyumbani, sina mzaha. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wa kukanyaga mafuta uwanjani. Imani ni ya kila mtu, lakini watu wakikimbilia sehemu moja mtoto wa miaka mitano haonekani.

Bi Mwambao:
Mie Muislamu nasoma tu hapa kimyakimya 😂 ila mwalimu kasema kweli, hata sie kwenye maulidi makubwa mwenye mtoto mdogo anakaa ukingoni na kanga ya ziada. Dada nenda, ukirudi utusimulie hiyo bendi.

Dada_wa_Dunda:
Aise asanteni. Mwalimu umenitisha lakini bora. Naelekea ibada ya kwanza, mdogo abaki na bibi yake, niende na mkubwa tu. Sasa kilichobaki, si Jumapili hiyo nitakuwa nimekosa misa? Na wakigawa meza ya Bwana nafanyaje?

Katekista:
Dada, kwenda kule hakuhesabiki kama misa, hilo usijidanganye. Nenda misa ya Jumamosi jioni, hiyo ni ya Dominika tayari, asubuhi uko huru. Meza ya Bwana wewe Mkatoliki hupokei kule, bakia umekaa kwa heshima, hakuna atakayekushangaa.

Kaka Kaole:
Kweli, na kwetu sio kila Jumapili, muulize binamu tarehe.

Dada_wa_Dunda:
Nimeshamuuliza, anasema wiki ijayo hakuna meza wala mafuta, ila anataka nikae mbele 🙄

Konda Mstaafu:
Mwambie mlango wa pembeni au hupandi gari. Na yeye ndo kakualika, nauli ya kwenda na kurudi juu yake.