Kwa nini Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua?

Mwalimu wa Jiografia, Masasi

Habari za kazi, ndugu zangu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameniuliza jambo ambalo kitabu tunachotumia hakilielezi. Ikiwa pwani yote ya Tanzania imo katika tropiki, kwa nini Tanga hupata vuli na masika, ilhali Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mapema Mei? Na je, nitakuwa sahihi nikimwambia kwamba hali hiyo ndiyo iliyotupa zao la korosho?

Mdau, Lindi Mjini

Mwalimu, jibu ni latitudo. Tanga ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, sisi tupo nyuzi 10. Ukishajua latitudo ya mahali, umeshajua hali yake ya hewa.

Bwana shamba mstaafu, Mtwara

Ndugu yangu wa Lindi amegusa nusu ya jibu. Ukanda mvua, yaani eneo ambamo upepo wa kaskazini na ule wa kusini hukutana, hewa ikapanda na kupoa hadi mvua ikanyesha, hulifuata jua la utosini kwa kuchelewa kidogo. Tanga huupata ukishuka kuelekea kusini mwishoni mwa mwaka, kisha huupata tena ukipanda kurudi kaskazini kuanzia Machi, na katikati pana kiangazi cha kutosha kuitenga misimu miwili. Huku kwetu ukanda huo unakaribia mwisho wa safari yake, kwa hiyo kushuka na kupanda kwake kunakaribiana mno hata mvua zikaungana. Alama ya utengano bado ipo: ni zile siku za jua kali za mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, zinazomfanya mkulima wa mahindi atazame mawingu kwa wasiwasi.

Lakini latitudo peke yake haitoshi. Lima, mji mkuu wa Peru, upo nyuzi 12 kusini, nao uko jangwani, kwa sababu mkondo baridi wa Humboldt huipoza hewa ya pwani ile isiweze kupanda na kuleta mvua. Darwin, kaskazini mwa Australia, pia upo nyuzi 12, lakini una masika na kiangazi vinavyofanana sana na vyetu. Wladimir Köppen, aliyeyagawa maeneo ya dunia kwa joto na mvua, hakuishia kwenye mistari ya ramani: tropiki yake ni mahali ambapo wastani wa joto wa mwezi wenye baridi zaidi haushuki chini ya nyuzi 18, kisha huigawa kwa kuangalia ukavu unaangukia lini na una ukali gani.

Kuhusu korosho, Mwalimu, punguza kidogo. Mkorosho asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili, na ni Wareno walioufikisha pwani hii katika karne ya 16. Kiangazi chetu kirefu kiliupokea vizuri: hutoa maua kati ya Juni na Septemba, mizizi yake mirefu ikiendelea kuvuta maji yaliyobaki chini, na korosho huanguka kuanzia Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Hata hivyo, kiangazi hicho hakikuwalazimisha watu kuupanda. Ufuta, mbaazi na mihogo pia vinakimudu.

Mkulima, Newala

Shikamoo, mzee wangu. Naongeza la huku juu. Kiangazi hicho tunachokisifu kina asubuhi zenye ubaridi na unyevu, na hapo ndipo ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hushika maua machanga yakaonekana kama yamemwagiwa unga, kisha yakakauka. Ndiyo maana tunapulizia salfa miezi ile ile ambayo hakuna mvua.

Udongo wa uwanda wetu wa Makonde ni wa kichanga na hunywa maji upesi, kwa hiyo kwa miaka mingi akina mama waliteremka bondeni kuyatafuta, na nyumba nyingi zikachimbiwa visima vya kuvunia mvua ya bati. Mwalimu, wapeleke wanafunzi kwenye nyumba moja wapime eneo la paa na ujazo wa kisima, kisha wakokotoe kama maji ya Aprili yatafika Novemba.