Mrejesho: ritani yetu ya pamoja imekubaliwa

Wakuu, niliuliza kwa nini ritani (taarifa ya kodi ya mapato ya mwaka) yangu na mke wangu huku Marekani, tukiituma kwa mtandao, inarudishwa na namba mbili za kosa, IND-032-04 na R0000-503-02. Aliyesema zote ni za upande wa mke alipatia.

Ya kwanza ni AGI (jumla ya mapato baada ya kutoa makato fulani) ya mwaka uliotangulia, ile ya mstari wa 11 kwenye fomu 1040. IRS, mamlaka ya kodi ya huku, huitumia kumtambua kila mwanandoa. Mke wangu mwaka ule alikuwa bado Tanga, hakuwasilisha chochote huku, kwa hiyo kwake inajazwa 0. Programu tunayojazia ritani ilikuwa imemwekea ya kwangu. (Mliowasilisha pamoja mwaka uliopita, wote wawili wekeni jumla ileile, msigawane.)

Ya pili ni jina. Wanalinganisha herufi nne za mwanzo za jina la mwisho na kumbukumbu za Social Security, idara ya hifadhi ya jamii. Kadi yake ya huko ina jina la babu yake kama sisi wote, programu ikambandika langu, kana kwamba akiolewa lazima abadili ukoo! Tumeandika kama kadi ilivyo, jioni ikakubaliwa. Asanteni, hasa uliyenizuia kuchapa makaratasi na kuyapeleka posta.