MJADALA: Ufaransa ilifanya sawa kuipa Disney ardhi, reli na mkopo?

Mleta mada

Wakuu, salamu. Miradi mikubwa ya burudani ikitajwa, mazungumzo yetu huishia kwenye picha za ngome na bembea, na mkataba hausomwi na mtu. Leo naomba tusome mkataba. Swali langu: serikali ya Ufaransa ilikuwa sahihi kuisaidia kampuni ya Walt Disney kujenga kituo chake cha burudani mashariki ya Paris (leo Disneyland Paris) kwa ardhi ya bei ya shamba, reli ya fedha za umma, nafuu ya kodi na mkopo wa riba ndogo?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ilikuwa sahihi, na sababu yangu si ajira wala watalii. Sababu ni kwamba serikali haikuiachia kampuni ramani.

Kwa asiyekumbuka mwanzo wake: katikati ya miaka ya 1980 Disney ilikuwa inatafuta mahali Ulaya. Hispania ilikuwa mshindani wa kweli, ina jua na bahari. Ufaransa ilikuwa na Paris, barabara kuu zinazoingia kutoka nchi jirani, na eneo la Marne-la-Vallée ambalo tayari lilikuwa limepangwa kuwa mji mpya. Desemba 1985 waziri mkuu Laurent Fabius, msoshalisti, alisaini makubaliano ya awali na Michael Eisner, mkuu wa Disney wakati huo. Uchaguzi ukapita, serikali ikabadilika, na tarehe 24 Machi 1987 aliyesaini mkataba kamili akawa Jacques Chirac wa upande wa kulia. Vyama viwili vinavyopingana karibu kila jambo vilipitisha mradi uleule.

Mkataba ulikuwa na wasaini sita: serikali kuu, mkoa wa Île-de-France, wilaya ya Seine-et-Marne, shirika la usafiri la RATP, mamlaka ya umma ya kuendeleza mji mpya, na Disney. Eneo lote lilikuwa hekta 1,943, karibu sehemu ya tano ya jiji la Paris. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo. Disney haikukabidhiwa hekta zote hizo siku moja. Ilipewa haki ya kununua kwa awamu. Mamlaka ya umma inatwaa ardhi na kuiandaa, kampuni inaleta mpango wa awamu (hoteli ngapi, ofisi ngapi, nyumba ngapi), pande zote zinakubaliana, ndipo kipande hicho kinauzwa. Ambacho hakijaendelezwa kinabaki mikononi mwa umma, na wakulima wengine waliendelea kulima humo kwa miaka mingi baada ya kutia saini.

Linganisheni na Florida. Miaka ya 1960 Walt Disney alinunua ardhi karibu na Orlando kimyakimya kupitia kampuni zilizoficha jina lake, ili bei isipande. Gazeti la huko lilipofichua siri Oktoba 1965, zaidi ya ekari 27,000 zilikuwa zimeshanunuliwa. Mwenyewe alifariki Desemba 1966, na mwaka 1967 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyounda wilaya maalumu ya Reedy Creek. Kampuni ikawa kama serikali ya eneo lake: inatoa vibali vya ujenzi, inachimba mifereji, ina zimamoto wake, na kwa maandishi iliruhusiwa hata kujenga uwanja wa ndege na mtambo wa nyuklia. Ilidumu hivyo zaidi ya nusu karne, mpaka mgogoro wa kisiasa kati ya kampuni na gavana uliposababisha bodi kubadilishwa mwaka 2023. Ardhi yote na madaraka yote vikishakwenda kwa mwekezaji, kuvirudisha kunahitaji vita, na vita hivyo hupiganwa kwa maslahi ya wanasiasa, si ya mkazi wa kawaida.

Ufaransa ilikataa njia hiyo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana leo pembeni ya bustani kuna mji unaoitwa Val d'Europe wenye shule, nyumba, ofisi na soko kubwa lililofunguliwa mwaka 2000. Vijiji vitano vya zamani bado vina mabaraza yake na mameya wake. Kimojawapo ni Coupvray, alikozaliwa Louis Braille aliyebuni maandishi ya wasioona. Kijiji cha namna hiyo kubaki na baraza lake mbele ya kampuni kama ile, mimi nakihesabu kuwa ushindi.

Karibuni. Wanaopinga nawahitaji zaidi.

Mchangiaji, Nairobi

Mleta mada umeandika vizuri, lakini umeiruka sehemu inayouma. Ardhi ile haikuwa pori. Ilikuwa mashamba ya ngano na viazi sukari, udongo mzuri kabisa. Serikali iliutangaza mradi kuwa wa manufaa ya umma, na tangazo hilo likishatoka mkulima hana tena nafasi ya kukataa. Analipwa bei ya shamba, kisha kampuni ya kigeni inapata kiwanja chenye stesheni ya treni mlangoni. Hiyo tofauti ya thamani ni jasho la nani?

Halafu wanahisa wadogo. Kampuni iliyojenga kituo iliwekwa kwenye soko la hisa mwaka 1989. Disney wenyewe walichukua asilimia 49, zilizobaki zikauzwa kwa umma wa Ulaya kwa faranga 72 kila hisa. Siku ya uzinduzi wa hisa hizo Paris, Eisner alirushiwa mayai, watu wakasema ni chuki ya utamaduni wa Marekani. Mimi nasema waliorusha waliona mbali. Disney ilikuwa inachukua mrabaha wa asilimia 10 ya viingilio na asilimia 5 ya vyakula na bidhaa, pamoja na ada ya usimamizi. Yaani bustani ikipata hasara, mwanahisa analia, mwenye jina bado anakusanya.

Na hasara ilikuja. Milango ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na mwaka wa fedha wa 1993 ukafungwa kwa hasara ya faranga bilioni 5.3. Mwaka 2007 hisa 100 ziliunganishwa kuwa moja. Mwaka 2017 Disney ilinunua zilizobaki kwa euro 2 kila moja. Piga hesabu wewe mwenyewe: hisa 100 za mwaka 1989 ziligharimu faranga 7,200, zaidi kidogo ya euro elfu moja. Mstaafu aliyezishikilia muda wote alimaliza na euro mbili. Mkataba wako wenye wasaini sita haukumwona mtu huyu.

Mchangiaji, Seine-et-Marne

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi huku, natumia RER A, treni ya abiria inayopita Paris, kwenda kazini, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Kwanza reli. Kabla ya Disney njia hii iliishia Torcy. Ilisogezwa hadi Chessy, mlangoni mwa bustani, na kufunguliwa Aprili 1992, siku chache kabla ya bustani, kisha mwaka 1994 ikaja stesheni ya treni za kasi za TGV. Kaka wa Nairobi, fedha zilikuwa za umma, ni kweli. Lakini asubuhi behewa halina watalii. Lina wauguzi, walinzi, wanafunzi na watu wa maofisini. Bila mradi ule, reli ingefika huku mwaka gani? Ningeingojea hadi leo.

Ila msije mkadhani kila kitu ni sukari. Kodi ya nyumba Val d'Europe ni kubwa kwa mtu anayefanya usafi hotelini. Wengi wanaowahudumia wageni wanalala mbali na kuja na treni za alfajiri. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Disneyland Paris waliandamana ndani ya bustani yenyewe, mbele ya wageni, wakidai nyongeza ya euro 200 kwa mwezi na malipo bora ya Jumapili. Kwa hiyo mleta mada anaposema sababu yake si ajira, mimi nashangaa kidogo. Mwaka 1987 wananchi waliambiwa ajira. Kituo kina wafanyakazi zaidi ya 15,000, ni wengi kweli, na hakuna mwajiri mwingine wa ukubwa huo pande hizi. Basi ajira hizo zingeandikwa kwenye mkataba kwa undani uleule wa hekta: mshahara wa chini, makazi ya wafanyakazi, nauli. Ramani ilipangwa na watu makini sana. Sisi tunaoishi ndani yake hatukupangiwa kwa makini hayo.

Mchangiaji, Mombasa

Wakuu, ongezeni Hong Kong kwenye mizani. Kule serikali ilikwenda mbali kuliko Ufaransa: mwaka 1999 ilikubali kuwa mbia, ikachukua asilimia 57 ya hisa, ikafukia bahari pale Penny's Bay ili ipatikane ardhi, na ikajenga njia ya treni. Bustani ilifunguliwa Septemba 2005, ikawa ndogo, na kwa miaka mingi ikaandika hasara huku Disney, kama Paris, ikichukua ada zake. Mlipa kodi akawa mwanahisa mkubwa asiyekuwa na usemi juu ya michezo wala viingilio.

Na Virginia, ambako jibu lilikuwa hapana. Novemba 1993 Disney ilitangaza bustani ya historia ya Marekani huko Haymarket, maili chache tu kutoka Manassas, uwanja wa mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Jimbo lilitenga dola milioni 163 za barabara na mengineyo. Wanahistoria wakubwa, akiwemo James McPherson na David McCullough, wakaungana na wakazi, na Septemba 1994 kampuni ikajiondoa. Waliotabiri kwamba kaunti ile itadorora waliona nini? Ipo pembezoni mwa Washington, imeendelea kukua bila bustani. Kwa hiyo mleta mada thibitisha kwamba Marne-la-Vallée isingejengwa bila Disney. Mwenyewe umesema ulikuwa tayari mji uliopangwa.

Mleta mada

Nimesoma zote. Nianze na Mombasa, kwa kuwa swali lake ndilo zito.

Mji ulipangwa, ndiyo, lakini upande wa mashariki kabisa ulikuwa karatasi. Reli ilifika Torcy mwaka 1980 na ikakaa hapo. Mipango ya miji mipya inafahamika: bila abiria hakuna reli, bila reli hakuna mwajiri, bila mwajiri hakuna abiria. Disney ilileta abiria wa siku ya kwanza. Virginia haikuwa na fundo hilo, kwa sababu watu wa Washington walikuwa wanasogea upande ule kwa hiari yao. Ndiyo maana jibu la hapana lilikuwa sahihi kule, na la ndiyo likawa sahihi huku. Kuhusu Hong Kong tunakubaliana kabisa: serikali isiwe mwanahisa wa bembea.

Na tazameni kilichotokea ilipokuja hasara. Disney ilikuwa imejenga vyumba vya hoteli zaidi ya 5,000 kwa mkupuo, ikitegemea wageni walale siku kadhaa. Lakini treni ileile iliyowaleta iliwarudisha Paris jioni. Kampuni ilitaka pia kuuza hoteli na kuendeleza viwanja ili ilipe madeni, soko la majengo la Ufaransa likaanguka. Mwaka 1994 benki zikasamehe riba kwa muda, Disney ikaacha mrabaha kwa miaka kadhaa, na mwanamfalme Al-Waleed wa Saudi Arabia akaingiza fedha. Sasa fikirini hekta zote 1,943 zingekuwa tayari mali ya kampuni iliyo taabani. Wadai wangezigawana, zikauzwa vipandevipande kwa yeyote. Hazikuwa zake, kwa hiyo mji ulisubiri, na miaka michache baadaye ujenzi ukaendelea kwa ramani ileile. Mwaka 2010 mkataba ukarefushwa hadi 2030.

Dada au kaka wa Seine-et-Marne, hoja yako ya makazi ya wafanyakazi naichukua yote. Haipingani na yangu. Mwenye ardhi ndiye anayeweza kusema: awamu ijayo huipati mpaka nyumba za wapishi na wasafishaji zijengwe. Florida hakuna wa kusema hivyo. Ufaransa yupo, na kama hasemi, basi ndiye wa kudaiwa, na mkataba unamalizika 2030, karibu sana.

Nairobi, kwa mkulima: fidia ilipaswa kuwa na fungu la thamani iliyokuja na reli. Hilo nalisimamia nawe. Kwa mwanahisa, hapana. Yule alinunua hatari kwa hiari, na mrabaha ulikuwa umeandikwa. Mtu ambaye hakuwa na hiari ni mwingine: mwenye akiba ndogo. Mkopo wa riba nafuu, mabilioni ya faranga, ulitoka Caisse des Dépôts, taasisi ya umma inayotunza akiba za Wafaransa wa kawaida. Ardhi haikuhama bila idhini, reli bado inabeba wauguzi. Mkopo tu ndio uliowekwa mezani pamoja na madeni ya benki mwaka 1994, ukangoja kama mengine.

Kwa hiyo naligeuza swali, na nataka Mombasa na Nairobi wajibu kabla sijaendelea: mwaka 1987, Ufaransa ingesema ardhi kwa awamu ndiyo, reli ndiyo, lakini akiba za watu hapana, Disney ingekwenda Hispania? Mimi naamini ingebaki. Nani ana hoja ya kunipinga?