Mjadala: Vyuo viendelee kufundisha madaktari wa kusoma picha, au kazi waachiwe mashine?

Wakuu naomba tulijadili hili bila jazba. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba ya sasa, alisema hadharani kwamba watu waache kufundisha madaktari wa radiolojia, yaani hao wa kusoma picha za ndani ya mwili kama eksirei, maana ndani ya miaka 5 mashine itawapita. Miaka 5 iliisha 2021, madaktari hao bado wanatafutwa, lakini kauli bado inarudiwa kila bajeti ya chuo inapokatwa.

Mimi napinga kabisa. Watu wanadhani urithi wa idara ya radiolojia ni CT scan na MRI, zile mashine kubwa za kupiga picha ndani ya mwili, kumbe hizo zinachakaa zinabadilishwa, kinachobaki ni macho. Nimeshakaa kwenye chumba cha kusomea picha, taa zimezimwa, eksirei ya kifua iko kwenye skrini, mwanafunzi kaona kivuli pafu la kulia kafurahi tayari anaandika ripoti, mwalimu kamwambia neno moja tu, "endelea." Kimya. Kaangalia nyuma ya moyo, kaangalia chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kaja kupandisha macho juu kabisa ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega, ndo akakiona kile kimstari chembamba kama unywele, hewa imevuja nje ya pafu. Kuridhika na cha kwanza ulichokiona ni kosa linalojulikana sana kwenye fani, na dawa yake ni mtu kusimama nyuma yako miaka, hakuna njia ya mkato.

Halafu hizi idara hazisomi picha tu. Tarehe 16 Januari 1964 Charles Dotter, mkuu wa radiolojia pale chuo cha udaktari cha Oregon, Marekani, aliletewa bibi wa miaka 82, vidole vya mguu vimeoza, kagoma kukatwa. Dotter akapitisha mirija kwenye mshipa wa paja akautanua pale ulipobana, mguu ukapona, bibi akatembea nao mpaka anafariki. Madaktari wa upasuaji wengi hawakumuelewa kabisa wakati ule! Leo mishipa ya moyo inazibuliwa kwa wazo hilo hilo. Nani angemruhusu kujaribu kama kazi yake ingekuwa kuandika ripoti tu?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu heshima kwako, ila unaongea kama mwalimu, mgonjwa umemsahau. Mtu kaanguka na pikipiki saa tisa usiku, picha ya kichwa imepigwa, msomaji yuko peke yake na picha nyingine rundo. Mashine haisinzii. Mimi ningependa hiyo damu kichwani ionekane sasa hivi, aione nani sijali.

Mleta mada:
Ndugu yangu hapo siwezi kukubishia, na mashine ipange foleni, picha ya anayevuja damu ipande juu, safi kabisa. Ila jiulize imejifunzia wapi. Mwaka 2017 taasisi ya afya ya taifa ya Marekani ilitoa eksirei za kifua zaidi ya laki moja za kufundishia kompyuta, na majina ya magonjwa yalichambuliwa na programu kutoka kwenye ripoti walizoandika madaktari. Madaktari hao walifundishwa na mtu. Ukifunga darasa leo, baada ya miaka 20 ripoti za kufundishia zitatoka wapi, na mashine ikikosea nani ataijua imekosea?

Ninachotaka ni kanuni moja tu: mwanafunzi asome kwanza, aandike, ndipo jibu la mashine lifunguliwe. Akilionyeshwa mapema jicho lake halitakomaa, atakuwa anakubali tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Hiyo ya mwanafunzi kusoma kwanza naiunga mkono mia kwa mia. Ila mchana, darasani. Usiku wa dharura mashine itangulie, hapo sijashawishika bado.