Naombeni ushauri: jambo la baadaye linanipunguzia kasi mizanini

Habari za kazi ndugu zangu. Shikamooni wakubwa.

Mimi ni karani wa mizani, napima dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Gunia linapanda, nasoma kilo, naandika daftarini, linashuka. Nikiwa sina ahadi kichwani, mkono unakwenda wenyewe. Ila bosi akisema, "Lori la Kongo likiingia, mpe dereva kibali," basi kilo zilezile nazisoma mara mbili, jicho liko getini. Wapagazi wanasimama na magunia mabegani wakinisubiri, na hilo linaniuma sana.

Nimesoma kwamba huu si uzembe. Mwaka 2003 mtafiti Rebekah Smith alionyesha kuwa watu waliokuwa wakitambua kama herufi fulani ni neno halisi walijibu polepole zaidi walipokuwa na jambo la kukumbuka baadaye, hata pale ishara yake, yaani kitu cha kuwakumbusha jambo hilo, haikuwepo. Watafiti wa kumbukumbu Mark McDaniel na Gilles Einstein nao wanasema ishara ikiwa ndani ya kazi yenyewe, jambo huweza kujileta bila kulivizia.

Nimejaribu kuandika kiganjani, bado natazama geti. Kengele ya simu haifai, maana lori halina saa maalumu.

Sasa naomba kujua: nikimwomba mlinzi aniletee namba ya lori hapa mizanini, akili itaacha kweli kuvizia, au nitaanza kumvizia mlinzi? Na kwa mnaopima au kuhesabu mizigo, ninyi mmepangaje?

Asanteni.