ETI "MOJA INAENDA, MOJA INARUDI, NDIYO TUU-WEI"!! Nishikeni wakuu

Wakuu mwangaluka. Naandika mikono ikiwa bado na oili ya difu (zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa matairi mawili), simu inateleza, mtanisamehe herufi.

Leo mchana nimetukanwa. Sijatukanwa mama, hilo ningelimaliza pale pale. Nimetukanwa akili. Na huyo jamaa mnamjua, hata sina haja ya kumtaja. Mtu yeyote wa Mwanza aliyewahi kutafuta spea ya gari la Kijapani ameshaambiwa naye "hii imeshuka kwenye kontena juzi". Juzi yake ina miaka kumi.

Nilimwambia vizuri, kwa heshima: mzee wangu, nataka difu ya LSD, ile inayobana matairi yote mawili yazunguke pamoja, ya Toyota GX100, ya sahani, tuu-wei, ya kuchezea drifti, kuteleza na gari kwenye kona. Difu ya kawaida imenichosha. Nikilitupa gari kwenye kona, tairi la ndani linakosa mzigo, linazunguka hovyo na kufuka moshi peke yake kama mvuta kiko, la nje limetulia kama abiria wa daladala, halafu gari linanyooka. Aibu tupu. Akasema ninayo. Laki nane na nusu. Nikampa laki sita, pesa ya mchezo yote, salio tukishafunga.

Difu nimeipakata kwenye bajaji hadi gereji Mabatini, imenimwagia oili nyeusi kwenye suruali ya Jumapili. Tumefunga toka asubuhi. Saa nane akaja mwenyewe kuchukua salio lake. Gari liko juu ya jeki, matairi ya nyuma yote hewani, gia huru, breki ya mkono imeachiwa. Nikachora chaki kwenye tairi la kushoto, nikazunguka upande wa kulia, nikalisukuma la kulia mbele kwa mkono. Fundi akapiga kelele "chaki inarudi nyuma!" Laini kabisa, kidole kimoja kingetosha. Hata dogo wa gereji anayetumwa chai anajua maana yake. Difu tupu. Ya teksi.

Nikamgeukia. Alikuwa anatafuna muwa. Akatema makapi, akaniambia mbele ya mafundi wanne: "Kijana, si ndiyo hiyo? Moja inaenda, moja inarudi. Ndiyo maana wakaiita tuu-wei."

MOJA INAENDA. MOJA INARUDI.

Wakuu! Tuu-wei maana yake sahani zinabana ukikanyaga mafuta NA ukiachia, ili matairi yote mawili yaende pamoja hata mguu ukitoka kwenye mafuta! Siyo moja liende Igoma, lingine lirudi Buhongwa! Na alitema makapi kwanza! Hakuona haya, alisafisha kinywa kabisa ndipo akalitoa neno lenyewe!

Nataka pesa yangu. Na nataka akiri kwamba alikuwa anajua.

#2 Sangara wa Kilo
Moja inaenda moja inarudi, hiyo si difu mkuu, hiyo ni kivuko cha Kamanga 😂😂

#3 Jiwe Juu ya Jiwe
Pole, ila usimhukumu mzee haraka. Hata Torsen, LSD ya aina nyingine, ukiinyanyua matairi yote hewani inaweza kuzunguka kinyume hivyo hivyo. Ile ni ya gia, haibani mpaka ipate mzigo. Kuna Altezza RS200 za manyuo zilitoka nayo kiwandani. Umefungua ukaangalia ndani?

#4 Mleta uzi
Nimefungua. Hakuna sahani, hakuna Torsen, hakuna kitu. Vigia vinne vinatazamana na pini yao katikati, basi. Na mimi niliagiza ya SAHANI. Angesema Torsen ningejua tunaongea.
Alitema makapi, wakuu.

#5 Mla Furu
Kwa nini hukufungua kabla hujalipa?

#6 Mleta uzi
Alisema nikigusa boliti hata moja hapokei kitu kurudi.

#7 Sangara wa Kilo
Na ukakubali 😂 Mkuu wewe ndiye uliyeenda, pesa haikurudi. Tuu-wei kamili.

#8 Mla Furu
Laki nane na nusu kwa injini ya 1G ya cc 2000! Ungechomelea gia za difu yako zishikane kwa bei ya sato wawili, hela iliyobaki ukaweka radieta nene na klachi. Utazima gari kwa joto kabla hiyo difu hujaanza kuifaidi.

#9 Jiwe Juu ya Jiwe
Kuchomelea sawa kama gari halitoki kiwanjani. Ukija nalo mjini kila kiplefti matairi yanalia, na shafti za pembeni zinakula kipigo mpaka siku zinakatika. Kama ndilo hilo hilo la kwenda nalo kazini, tafuta ya 1.5: inabana kamili kwenye mafuta, ukiachia inabana kidogo. Na ukiipata ya sahani kweli, itatoa mlio wa kugonga kwenye kona za polepole, usiogope. Ichoree namba nane taratibu uwanjani, mwaga oili hiyo, weka mpya, oili ya gia ya daraja la GL-5 iliyoandikwa inafaa LSD.

#10 Mleta uzi
Hayo YOTE nayajua mkuu. Ndiyo maana inaniuma. Angemwambia asiyejua ningenyamaza. Kaniambia MIMI.

#11 Pembe Tu
Difu difu difu. Drifti ni pembe. Ongeza pembe ya matairi ya mbele, weka breki ya mkono ya haidroliki, ndiyo uje kulia habari za difu.

#12 Kona ya Bwiru
Nyie angalau mmepata difu inayozunguka. Huyo huyo aliniuzia mimi "koilova", springi za kurekebisha urefu wa gari, nikakuta springi za kawaida zimekatwa kwa grainda na kupakwa rangi ya bluu. Rangi ilibaki kwenye vidole.

#13 Dagaa wa Mwaloni
Bluu?? Mimi nyekundu. Akasema nyekundu ni za mbio.

#14 Kona ya Bwiru
Alikuuzia bei gani? Nyekundu kaongeza elfu hamsini?

#15 Dagaa wa Mwaloni
Sitaki hata kukumbuka.

#16 Pembe Tu
Nani ana matairi ya inchi 16 yaliyochoka? Nataka manne ya kuchoma moshi Jumamosi.

#17 Mla Furu
Matairi chakavu siku hizi yamepanda bei, wanayagombania wakata katambuga. Juzi nimeuziwa moja lina waya nje, na muuzaji ananuna kama kanipa bure.

#18 Sangara wa Kilo
Katambuga za siku hizi nazo hazina adabu. Mwezi mmoja kamba imekatika. Za zamani ulikuwa unamrithisha mtoto.

#19 Mleta uzi
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Amenipigia sasa hivi. Anasema nimalizie salio, halafu niongeze laki moja, anibadilishie aniletee THRII-WEI.

#20 Dagaa wa Mwaloni
Katambuga namba 43 zinapatikana wapi kwa sasa?

#21 Kona ya Bwiru
Njoo Kirumba, nitakuelekeza.